Aw Boon Haw: Tajiri wa marhamu aliyejenga himaya juu ya udugu

KIJICHUPA cha marhamu chenye picha ya simbamarara kinafahamika katika maduka ya dawa ya miji mingi duniani. Wengi wanaokitumia kwa mafua, maumivu ya kichwa au ya viungo hawajui kwamba mnyama yule ni jina la mtu. Kwa Kichina, Haw ni simbamarara, na mwenye jina hilo alikuwa Aw Boon Haw, mmoja wa matajiri waliovuma sana kusini-mashariki mwa Asia kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Alizaliwa mwaka 1882 mjini Rangoon, Burma, mji ambao leo huitwa Yangon. Baba yake, Aw Chu Kin, alikuwa tabibu wa mitishamba wa jamii ya Wahakka, aliyehama kutoka Yongding katika jimbo la Fujian. Katika miaka ya 1870 mzee huyo alifungua duka la dawa lililoitwa Eng Aun Tong, yaani Jumba la Amani ya Daima. Alipata wana watatu akawapa majina ya wanyama wakali: Boon Leng, joka, Boon Haw, simbamarara, na Boon Par, chui. Yule joka alifariki angali kijana.

Wawili waliobaki walilelewa mbalimbali. Boon Haw, aliyekuwa mtundu, alipelekwa Fujian kwa jamaa zake apate adabu na elimu ya Kichina. Boon Par alibaki Rangoon, akasoma katika shule za Kiingereza.

Baba yao alipofariki mwaka 1908, duka lilikuwa mikononi mwa Boon Par. Kwa mila ya Kichina, mali ya baba hugawanywa kwa wana wote wa kiume kwa usawa. Hakuna mrithi mmoja wa kuchukua kila kitu. Ni mila yenye haki, lakini imezika maduka mengi, kwani baba akifa mizani, makabati na wateja hugawanywa vipande. Boon Par hakutaka kugawana. Alimwita kaka yake kutoka China, wakaendesha duka kwa pamoja.

Hapo ndipo malezi yao tofauti yalipogeuka kuwa mtaji. Mdogo alisimamia utengenezaji na mambo ya ofisi. Mkubwa, mwenye ulimi mtamu na asiyeogopa safari, alipita kwa wafanyabiashara wa Kichina akiwashawishi wauze dawa zake. Marhamu yao ilichanganywa kwa kafuri, mentholi, mafuta ya mnanaa na ya karafuu, zao lisilo geni kwa watu wa Unguja na Pemba. Boon Haw ndiye aliyeipa jina la simbamarara. Alitembelea gari lililopambwa kwa kichwa cha mnyama huyo, watu wakatoka majumbani kulitazama.

Mwaka 1926 makao ya biashara yalihamia Singapore. Kwa kuwa matangazo yalimgharimu fedha nyingi, Boon Haw aliona ni nafuu kumiliki gazeti. Mwaka 1929 lilianza Sin Chew Jit Poh, na mwaka 1938 likafuata Sing Tao mjini Hong Kong. Aliahidi pia kujenga shule za msingi 1,000 nchini China, mpango uliokatizwa na vita.

Hata hivyo, himaya hiyo haikuwa na nguzo nyingine zaidi ya ndugu hao wawili. Mwaka 1937 Boon Haw alimjengea mdogo wake jumba la fahari juu ya kilima cha Singapore, lenye bustani ya sanamu za hadithi za Kichina. Vita vikawatenganisha. Boon Par alikimbilia Rangoon na kufariki huko mwaka 1944, huku kaka yake akiwa Hong Kong chini ya Wajapani. Boon Haw aliporejea Singapore alikuta jumba limeharibiwa. Hakulikarabati, alilibomoa.

Aliendelea peke yake, akaanzisha Benki ya Chung Khiaw mwaka 1950. Lakini alikuwa na wake wanne, watoto wa kuzaa na wa kulea, pamoja na watoto wa marehemu mdogo wake, na kila upande ulikuwa na matumaini yake. Mwanawe Aw Hoe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1951. Tajiri huyo naye alifariki Septemba 1954 mjini Honolulu, akiwa njiani kurudi kutoka matibabuni Marekani.

Mgawanyo ulioepukwa mwaka 1908 sasa ulifika. Magazeti ya Hong Kong yalikwenda kwa binti yake wa kulea, Sally Aw, jambo lisilo la kawaida katika mila iliyowatanguliza wana wa kiume. Marhamu ilisimamiwa Singapore na Aw Cheng Chye, mwana wa Boon Par, ambaye mwaka 1969 aliiingiza kampuni katika soko la hisa. Miaka miwili baadaye kampuni ya Uingereza ya Slater Walker ilichukua udhibiti wake, na Benki ya Chung Khiaw ikapita mikononi mwa benki nyingine. Cheng Chye alifariki mwaka huohuo wa 1971 akiwa safarini Chile.

Sally Aw alishikilia sehemu yake hadi mwaka 1999, alipouza hisa zake za Sing Tao. Marhamu bado inauzwa na kampuni yenye majina ya ndugu hao wawili, Haw Par, lakini ukoo wa Aw hauimiliki tena.