Jim Corbett: Mwindaji aliyezikwa Nyeri na kijito kilichoficha kamera yake

KATIKA makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri wamezikwa watu wawili ambao majina yao yamevuma duniani kote. Wa kwanza ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama cha Maskauti, aliyefariki Januari 8, 1941. Wa pili ni Kanali Jim Corbett, aliyeaga dunia Aprili 19, 1955 akiwa na umri wa miaka 79.

Wengi wanaomfahamu Corbett humkumbuka kwa bunduki yake. Ndiye aliyewaua chui milia na chui waliokuwa wakila watu katika milima ya Kumaon na Garhwal, kaskazini mwa India. Wachache ndio wanaojua kwamba picha alizojivunia kuliko zote alizipata kwa kamera, akiwa amelala kando ya kijito, na kwamba maji ya kijito hicho ndiyo yaliyomfaa kuliko silaha yoyote.

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 katika mji wa Nainital. Baba yake alikuwa mkuu wa posta mjini humo. Majira ya baridi familia ilihamia Kaladhungi, kijiji kilicho chini ya milima, na huko ndiko kijana huyo alikojifunza kusoma nyayo, kuiga milio ya wanyama na kutambua nani anapita msituni kwa kusikiliza ndege tu. Alipokua aliajiriwa katika shirika la reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia kazi ya kuvusha mizigo katika Mto Ganges huko Mokameh Ghat.

Mwaka wa 1907 alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwa ameua watu 436 nchini Nepal na India. Mwaka wa 1926 alimuua chui wa Rudraprayag, aliyehesabiwa kuua watu 125. Kabla ya kukubali kazi ya aina hiyo alitaka mambo mawili: zawadi ya fedha iliyotangazwa ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe. Hakupenda kuhesabiwa miongoni mwa wanaoua kwa ajili ya malipo.

Hata hivyo, miaka ilivyosonga alianza kuona kwamba misitu ilikuwa ikipungua na wanyama wakiisha. Aliyemwonyesha njia nyingine alikuwa Frederick Champion, ofisa wa misitu aliyesifika kwa picha za chui milia wakiwa huru mwituni. Corbett aliona kwamba ngozi ukutani humfurahisha mwenyewe peke yake, tena kwa muda mfupi, ilhali picha nzuri huwafurahisha wengi na mnyama akabaki hai. Mnamo 1928 alipewa zawadi ya kamera ya sinema ya milimita 16, na kwa takriban miaka 10 akawa anazunguka nayo msituni.

Tatizo lilikuwa sauti. Kamera za wakati huo ziliendeshwa kwa springi kama saa ya kujaza, nazo zilinguruma zikifanya kazi. Chui milia ana masikio makali mno, na sauti ndogo isiyo ya msituni hutosha kumtorosha. Bunduki hulia mara moja na kazi ikaisha, lakini kamera lazima iendelee kulia kwa muda wote ambao mnyama yuko mbele yake.

Mwaka wa 1938 Corbett alipata jawabu. Alichagua bonde dogo lenye upana wa kama mita 45, lililozungukwa na vichaka vizito pande zote mbili, na katikati yake kukipita kijito chembamba. Alikiziba kijito hicho mahali kadhaa ili maji yaanguke kutoka kimo cha inchi chache tu. Maporomoko hayo madogo yalitoa mlio usiokoma, mlio ambao mnyama wa msituni ameuzoea tangu kuzaliwa. Ngurumo ya kamera ikazama ndani yake.

Kisha alianza kuwavuta chui milia saba kutoka sehemu tatu zilizo mbali, hatua chache kwa wakati mmoja, hadi katika bonde hilo. Mmoja aliondoka siku iliyofuata, lakini baada ya kupigwa picha. Sita waliobaki, madume wanne na majike wawili, mmoja wao akiwa mweupe, aliwapiga picha mchana kutoka umbali wa kati ya mita 3 na mita 18. Ili awafikie bila kuonekana, aliwanyemelea alfajiri, giza likiwa bado halijaondoka na umande umelainisha majani makavu yasitoe sauti.

Mpigapicha yeyote wa mazingira anajua uhusiano ulioko kati ya kitu kilichotulia na maji yanayokwenda. Mlango wa lenzi ukifunguka kwa muda mrefu kidogo, maji huonekana kama ukungu au maziwa yaliyomwagika, huku jiwe au mnyama aliyetulia akibaki na kila unywele wake. Utulivu wa kimoja huonekana zaidi kwa sababu ya mwendo wa kingine. Kwa Corbett maji yalikuwa na kazi ya ziada: yalimpa mnyama utulivu huo, kwa kuwa hakusikia sababu ya kushtuka.

Lakini maji hayakuwa rafiki siku zote. Majira hayo ya baridi yalikuwa na mvua nyingi kupita kawaida. Kati ya futi 1,000 za filamu alizopiga, mamia yaliharibika kwa unyevu juu ya lenzi, mwanga hafifu, na haraka ya mikono yake mwenyewe alipokuwa akiingiza utepe kwenye kamera. Zilizosalimika zilikuwa kama futi 600. Kazi yote ilichukua miezi minne na nusu, na katika muda huo hakuna chui milia hata mmoja aliyemwona.

Mwaka wa 1947, baada ya India kupata uhuru, Corbett na dada yake Maggie walihamia Kenya. Walikaa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya uwanja wa Hoteli ya Outspan, iliyokuwa imejengewa Baden-Powell. Mbele yake kuna bonde la Mto Chania, unaotiririka kutoka Nyandarua, na ng'ambo husimama Mlima Kenya. Mzee huyo aliendelea kupiga picha za wanyama na kuandika vitabu.

Usiku wa Februari 5, 1952 alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti wa mugumo, pamoja na Binti Mfalme Elizabeth. Ni katika usiku huo ambapo Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza, na mgeni huyo akawa malkia.

Haifai kumsimulia Corbett bila kutaja mazingira aliyoishi. Nyeri aliyoipenda kwa utulivu wake ilikuwa nchi ya Wakikuyu waliokuwa wakilia kwa kunyang'anywa ardhi. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na mwaka wa 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Utulivu wa mlowezi mmoja ulikuwa dhiki ya jirani yake. Kijiji alichokimiliki India, Choti Haldwani, aliwaachia wakulima wake. Huku Kenya swali la ardhi lilibaki bila jibu.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo siku chache baada ya kumaliza kitabu chake cha sita, kinachohusu Treetops. Baada ya kifo chake India ilibadilisha jina la hifadhi yake ya kwanza ya taifa, iliyoanzishwa mwaka wa 1936, ikaiita Corbett, na mwaka wa 1973 mpango wa kuwaokoa chui milia ulizinduliwa humo.

Leo wapigapicha hupanda misitu ya Nyandarua hadi Maporomoko ya Karuru, yenye kimo cha mita 273, wakiwa na kamera zisizotoa sauti yoyote. Hawahitaji tena kuziba kijito. Bado wanahitaji kile alichokuwa nacho mzee aliyelala kaburini Nyeri: subira ya miezi minne na nusu kando ya maji, bila kuonekana.