Lazzaro Spallanzani

Lazzaro Spallanzani (Scandiano, 12 Januari 1729 – Pavia, 11 Februari 1799) alikuwa padri Mkatoliki na mwanabiolojia kutoka Italia. Anajulikana kwa utafiti wake kuhusu vijidudu na kuhusu uhimilishaji, yaani kumpa jike mimba bila kupandwa na dume.

Maisha

Alianza kusoma sheria huko Bologna, lakini ndugu yake Laura Bassi, aliyefundisha fizikia chuoni humo, alimvuta kwenye sayansi. Alifundisha Reggio Emilia na Modena, na kuanzia mwaka 1769 Pavia. Akiwa safarini Konstantinopoli, wenzake walimshtaki kwamba ameiba vitu vya makumbusho ya chuo. Uchunguzi ulimwondolea lawama.

Kazi

Wakati huo wengi, akiwemo John Needham wa Uingereza, waliamini kwamba vijidudu huzuka vyenyewe katika mchuzi uliochemshwa. Mwaka 1765 Spallanzani alitoa matokeo ya majaribio yake: mchuzi uliochemshwa kwa muda mrefu ndani ya chupa iliyozibwa kabisa haukupata vijidudu mpaka hewa ilipoingia.

Baadaye aliwavalisha vyura madume suruali ndogo, na mayai ya majike hayakurutubishwa. Alipoyapaka majimaji yaliyobaki ndani ya suruali, yakatoa viluwiluwi. Mwaka 1780 alimhimilisha mbwa jike kwa bomba la sindano. Siku 62 baadaye walizaliwa watoto watatu.

Alichuja pia shahawa kwa karatasi, akaona majimaji yaliyopita yamepoteza nguvu, huku mabaki ya juu yakirutubisha bado. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Hata hivyo alishikilia kwamba kiumbe kimo tayari ndani ya yai, na kwamba mbegu zinazoogelea ni vimelea tu. Mwaka 1824 Prévost na Dumas walionyesha umuhimu wa mbegu hizo.

Vijidudu ndani ya shahawa

Maswali aliyoyachunguza mbalimbali yamekutana katika ufugaji wa leo. Shahawa ya fahali, hata aliye mzima, hukusanywa pamoja na bakteria wa govi. Hao hudhoofisha mbegu, na wengine, kama Campylobacter fetus, husababisha ugumba na kutupa mimba. Kwa kuwa shahawa inayokusanywa mara moja hugawanywa kuwa dozi nyingi, fahali mmoja mgonjwa anaweza kuambukiza makundi mengi.

Moto uliosafisha chupa za Spallanzani haufai hapa, maana unaua na mbegu. Baridi nayo huhifadhi vyote viwili. Ndiyo sababu miaka ya 1940 watafiti wa Marekani, akiwemo John Almquist, walianza kutia penisilini na streptomisini katika kimiminika cha kuzimulia shahawa. Siku hizi hutumika pia gentamisini, tailosini, linkomisini na spektinomisini.

Nchini Tanzania shahawa ya mafahali hugandishwa katika kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River, Arusha. Mrija wa kupelekwa mbali, tuseme Kalinzi mkoani Kigoma, hukaa katika naitrojeni kimiminika yenye nyuzi −196 za Selsiasi. Bakteria ambao hawakuuawa na dawa kabla ya kugandishwa wanaweza kufika nao wakiwa hai.