Jenny Lind, Mwimbaji Aliyeanza Upya

Kwaya za usharika zimetajwa mara nyingi katika kitabu hiki, wala si ajabu, kwa maana Mlutheri asiyeimba ni vigumu kumpata. Kwa sababu hiyo imeonekana vema wasomaji wetu, pamoja na wageni wetu wa dayosisi, wapate pia habari za mwimbaji wa Kilutheri aliyejulikana sana katika karne ya 19. Sauti yake ilikaribia kupotea kabisa alipokuwa na umri wa miaka 20, ikaokolewa na mwalimu aliyekaa naye ana kwa ana, saa kwa saa, mpaka akajifunza upya kuimba.

Johanna Maria Lind, aliyeitwa Jenny, alizaliwa Stockholm, nchini Uswidi, tarehe 6 Oktoba 1820. Wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa wakati huo, na utoto wake haukuwa na raha nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mtumishi wa mcheza dansi maarufu wa Opera ya Kifalme alimsikia akimwimbia paka wake, akaenda kumweleza bibi yake. Kwa njia hiyo mtoto akaingizwa katika shule ya jumba la maigizo la kifalme, akasomeshwa huko bila wazazi kulipa. Mnamo Machi 1838 aliimba kama Agathe katika opera ya Weber iitwayo Der Freischütz, na tangu siku hiyo mji mzima ukampenda.

Upendo huo ulikuwa na gharama yake. Jenny alikuwa amepandishwa jukwaani tangu utotoni, kisha akapewa nyimbo nzito, moja baada ya nyingine, kabla koo lake halijakomaa. Mwimbaji asiyeitawala pumzi yake huisukuma sauti kwa misuli ya shingo. Nyuzi za sauti hugongana kwa nguvu, huvimba, na sauti huanza kukwaruza. Sisi tulioishi na wanakwaya tunaifahamu hali hiyo. Wiki ya tamasha mazoezi hufanyika kila usiku, sauti ya kwanza hupaza kuliko uwezo wake, na Jumapili asubuhi hutoka mkwaruzo mtupu. Kisha mtu huambiwa anywe tangawizi kwa asali na kuendelea. Jenny naye aliendelea. Watu wa Stockholm walizidi kumshangilia, lakini yeye mwenyewe alijua kwamba kuna kitu kimeharibika, na hapo ndipo ninapouona ujasiri wake wa kwanza. Akiwa tayari ana cheo cha mwimbaji wa mfalme, aliimba mikoani ili akusanye nauli, akaenda Paris mwaka 1841 kutafuta mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Manuel García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805 katika ukoo wa waimbaji. Yeye mwenyewe aliacha jukwaa akiwa bado kijana, sauti yake ilipomshinda, akajitoa kufundisha. Jenny aliimba mbele yake kipande cha opera ya Donizetti, akashindwa katikati. García akamwambia waziwazi kwamba hakuna faida ya kumfundisha, kwa kuwa hana tena sauti. Binti alilia na kumsihi. Mwishowe mwalimu akampa sharti moja: asiimbe hata noti moja kwa majuma sita, naye azungumze kidogo kadiri iwezekanavyo, kisha arudi asikilizwe tena. Majuma hayo Jenny aliyatumia kujifunza Kifaransa.

Aliporudi, García alikuta matumaini kidogo, akakubali kumpa masomo mawili kwa juma. Masomo yenyewe yangemchosha mtu mwenye haraka. Mwimbaji aliyekwisha kushangiliwa na taifa zima alirudishwa kwenye ngazi za sauti kama mtoto, kupanda na kushuka, polepole na kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu alisisitiza mno jambo la kuvuta na kutunza pumzi. Kutikisa sauti kati ya noti mbili jirani, jambo ambalo baadaye lilimpatia sifa kubwa, alilifanya kwanza taratibu mno. Ikumbukwe kwamba wakati huo García hakuwa bado amepata kuona nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi. Hilo alilifanikisha mwaka 1854 kwa kutumia kioo kidogo na mwanga wa jua. Jenny alimfundisha kwa sikio tu.

Baada ya miezi kumi hivi, mwaka 1842, alirejea Stockholm akiwa na sauti iliyosimama juu ya pumzi. Noti za katikati hazikutakata kabisa hata mwisho wa maisha yake. Utando hafifu ulibaki humo, naye alijifunza kuufunika kwa ustadi. Moyo nao ulichelewa kupona kuliko koo. Alipoombwa kuimba Copenhagen mwaka 1843 aliogopa sana, akidhani kwamba nje ya nchi yake hafai kitu, na ilibidi marafiki wambembeleze. Akaimba, na hofu ile ikaanza kulegea.

Yaliyofuata yanajulikana: Berlin mwaka 1844, Leipzig pamoja na Mendelssohn mwaka 1845, London mwaka 1847. Mwaka 1849, akiwa na umri wa miaka 28 tu, aliiacha opera, akabaki na matamasha na nyimbo takatifu. Mwaka uliofuata alivuka kwenda Marekani kwa mkataba wa mfanyabiashara Barnum, ambaye makelele yake ya matangazo hayakumpendeza. Sehemu kubwa ya mapato yake Jenny aliitoa kwa shule na maskini. Kwa Mchungaji Esbjörn, aliyewahudumia wahamiaji wa Uswidi huko Illinois, alitoa dola 1,500 za kujengea kanisa. Kanisa la Andover likajengwa bila mnara, kwa kuwa mbao zake zilitumika kutengenezea majeneza ya waliokufa kwa kipindupindu. Kutoka katika sharika hizo ilizaliwa Sinodi ya Augustana mwaka 1860, ambayo wamisionari wake walifika Tanganyika katika miaka ya 1920 na kuhudumu Iramba na Singida.

Mwaka 1852 aliolewa na mpiga piano Otto Goldschmidt, na baadaye wakahamia Uingereza. Mume wake alipoiongoza Kwaya ya Bach, yeye aliwafundisha wanawake wa sauti ya kwanza, na mwaka 1876 kwaya hiyo iliimba Misa ya Bach katika B ndogo. Chuo cha Kifalme cha Muziki kilipofunguliwa London mwaka 1883, akawa mwalimu wa uimbaji. Wanafunzi wake walikuwa wachache, naye aliwadai mengi: pumzi, usomaji wa noti, piano na lugha. Alifundisha hadi mwaka 1886, akafariki karibu na Malvern tarehe 2 Novemba 1887. García alikuwa bado anafundisha London. Aliishi hadi mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 101.