Helen Taussig, munganga asiyesikia aliyefuata mioyo ya watoto mpaka utu uzima

Kuna watoto wanaozaliwa na moyo wenye kilema, midomo na kucha zao rangi ya bulu. Wakinyonya kidogo wanachoka. Wakianza kutembea, kila baada ya hatua chache wanachuchumaa ili wapate pumzi. Mpaka mwaka 1944 waganga hawakuwa na la kuwafanyia wengi wao. Mwanamke wa Marekani njo alitafuta njia, na yeye mwenyewe masikio yake yalikuwa karibu yamekufa.

Helen Taussig alizaliwa tarehe 24 Mei 1898 mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu Helen akiwa na miaka 11. Kusoma kulimpa taabu sana, herufi zilikuwa zinamchanganya. Baba yake, profesa wa uchumi kule Harvard, alikaa naye polepole mpaka akashika. Lakini Harvard hiyohiyo ilikuwa haiwapi wanawake diploma ya uganga, basi akaenda kuipata Johns Hopkins, mjini Baltimore, mwaka 1927.

Mwaka 1930 wakamupa kazi ya kuongoza kliniki ya moyo ya watoto. Ni katika miaka ile usikivu wake ulipotea. Munganga wa moyo asiyesikia! Siye watu wa radio tunaelewa hasara yake. Yeye akajifunza kuweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akahisi kwa vidole yale ambayo wenzake walikuwa wanasikia.

Mtoto akiwa tumboni, kuna mshipa mdogo unaounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo. Baada ya kuzaliwa unajifunga wenyewe. Mama Taussig aliona kwamba watoto fulani wa bulu wanazidi kuwa wabaya wakati mshipa ule unapofunga. Damu yao ilikuwa inafika kwenye mapafu kwa njia ile. Sasa akajiuliza: je, hatuwezi kuwatengenezea mwingine? Alimuuliza Robert Gross wa Boston, munganga aliyekuwa hodari wa kuufunga mshipa huo kwa watoto ambao kwao ulibaki wazi. Yule hakuvutiwa.

Mwaka 1941 Alfred Blalock alifika Hopkins, na pamoja naye Vivien Thomas, mtu mweusi ambaye hakuwa na diploma yoyote ya uganga. Thomas njo alijaribu kazi ile kwa mbwa mpaka ikakubali. Tarehe 29 Novemba 1944 wakamupasua mtoto msichana wa miaka isiyofika miwili: mshipa unaopeleka damu mkononi ukashonwa kwenye ule wa mapafu. Blalock alishika kisu, Thomas alisimama nyuma yake akimuongoza. Mtoto yule alikufa miezi kadhaa baadaye, lakini waliofuata walibadilika rangi palepale mezani, na wazazi wakaanza kuleta watoto toka inchi nyingi. Upasuaji ukaitwa Blalock-Taussig. Jina la Thomas lilikaa muda mrefu bila kutajwa, na hiyo haikuwa haki.

Lakini mimi, ukubwa wa mama huyu ninauona zaidi kwa yale ya nyuma. Njia ile ya pembeni haikutengeneza moyo: tundu lilibaki ndani, na mlango mwembamba ulibaki vilevile. Tangu 1954 waganga walianza kufungua moyo wenyewe na kuutengeneza, na wengi wa watoto wake walirudi kupasuliwa mara ya pili. Yeye aliendelea kuwatafuta. Mwaka 1975, akiwa amekwisha kustaafu, alitoa ripoti juu ya waliopita miaka 20 mpaka 28 toka wapasuliwe: walifika wapi kwa masomo, wanafanya kazi gani, nani ameoa, nani amezaa.

Leo tunajua kwa nini ilifaa kuwafuata. Mlango mwembamba ukipanuliwa, mara nyingi unabaki unavuja. Chumba cha kulia cha moyo kinapanuka pole pole, miaka 20 au 30, na mtu anajisikia muzima kabisa. Kisha pumzi inakata, moyo unadunda ovyo, wengine wanazimia. Kuna wanaohitaji mlango mpya. Kwa hiyo kama kwenu kuko mtu aliyepasuliwa moyo utotoni, zile karatasi zake za hopitali zisipotee. Apimwe ekografi hata kama haumwi, na mwanamke amuone munganga wa moyo kabla ya kubeba mimba. Tena, aliyeshonewa mshipa wa mkono namna ile ya zamani, presha apimwe kwenye mkono ule mwingine. Ule wa kwanza unaweza kudanganya.

Mwaka 1962 Mama Taussig alikwenda Ujerumani kuchunguza dawa ya thalidomide iliyokuwa inazalisha watoto bila mikono, kisha akarudi kuwaonya Wamarekani. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza shirika la moyo la Marekani.

Hakuolewa, hakuzaa. Uzeeni alikuwa anachunguza mioyo ya ndege yenye vilema. Tarehe 20 Mei 1986, kule Pennsylvania, aliwabeba marafiki kwa gari yake kwenda kupiga kura, akapata ajali na kufa. Zilibaki siku 4 atimize miaka 88.