Marehemu Dakta Williamson wa Mwadui

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona ni haki kumtaja mtu ambaye mali yake haikuwa pamba, wala hakuwa mwana ushirika. Naye ni marehemu Dakta John Williamson, mwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga.

Alizaliwa Kanada mwaka 1907, akasomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata shahada ya udaktari. Kisha akaja Afrika, na katika miaka ya 1930 akafika Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Kampuni ilipokata tamaa, yeye hakuacha kutafuta. Fedha zilimpungukia sana, na wakili mmoja wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, ndiye aliyemfaa. Mwaka 1940 akaugundua mwamba wa Mwadui, ambao eneo lake juu ya ardhi ni hekta 146.

Lakini tulitakalo kulieleza hasa ni habari ya bei. Siku zile almasi karibu zote za dunia zilipitia kwa mnunuzi mmoja huko London, chini ya De Beers, naye ndiye aliyepanga bei na kiasi. Wazee wetu waliopeleka pamba kwenye mizani ya mnunuzi waliijua hali hiyo. Williamson alipoona bei haimridhishi, akayazuia mawe yake na kuyaweka akiba, huku uchimbaji ukiendelea. Aliweza kungoja kwa sababu almasi haiozi wala hailiwi na panya, na kwa sababu soko liliogopa akiba ile isije ikamwagwa yote kwa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakapatana. Mkulima mwenye magunia matatu na karo ya mtoto hana nguvu hiyo akiwa peke yake.

Hatusemi kwamba alifuata njia yetu. Mwadui palijengwa hospitali na shule, lakini hisa zilikuwa zake, za ndugu yake na za Bwana Chopra. Waliochimba hawakuwa na hata moja. Na jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, lililopatikana mwaka 1947, alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake.

Hakuoa. Alifariki Januari 1958, umri wake miaka 50, kwa saratani ya koo. Mwaka huo huo warithi wake wakauza mgodi: nusu kwa Serikali ya Tanganyika, na nusu kwa De Beers, wale wale aliovutana nao juu ya bei.