Zulfikar Ali Bhutto: Heshima ya Taifa na Mkate wa Maskini



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, leo tunasoma habari za Zulfikar Ali Bhutto, aliyeiongoza Pakistan kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Aliwaahidi maskini mkate, na pia ndiye aliyeanzisha kazi ya kutengeneza bomu la nyuklia. Tukimsoma, tujiulize: nchi maskini ikitafuta heshima, ni nani anayelipa gharama yake?

Kuzaliwa na masomo yake

Bhutto alizaliwa tarehe 5 Januari 1928 karibu na mji wa Larkana, jimbo la Sindh. Baba yake, Shah Nawaz Bhutto, alikuwa mwenye ardhi kubwa. Wakulima wengi wa Sindh hawakuwa na shamba lao. Walilima la bwana mwenye ardhi na kugawana naye mazao. Kijana Zulfikar alikwenda kusoma Marekani, kisha Uingereza alikosomea sheria. Mwaka 1958 aliingia katika baraza la mawaziri, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Habari ya kula majani

Mwaka 1965 Pakistan ilipigana vita na India. Mwaka huohuo Bhutto alitamka jambo ambalo halijasahaulika mpaka leo. Alisema kuwa India ikitengeneza bomu, Wapakistani nao watatengeneza lao, hata ikibidi kula majani au kulala na njaa. Wengi walimshangilia. Lakini tukumbuke kuwa msemaji alitoka katika nyumba isiyojua njaa.

Tarehe 30 Novemba 1967, mjini Lahore, alianzisha chama chake cha Pakistan Peoples Party. Ahadi yake kubwa kwa wananchi ilikuwa mkate, nguo na nyumba. Wakulima na wafanyakazi walimfuata kwa maelfu.

Uongozi wake

Desemba 1971 Pakistan ilishindwa vita. Upande wake wa mashariki ulijitenga ukawa nchi ya Bangladesh, na askari na raia wapatao 93,000 wakachukuliwa mateka. Bhutto akakabidhiwa nchi iliyokatika vipande viwili. Wakati huo, ni mtu 1 tu kati ya 5 aliyejua kusoma na kuandika.

Januari 1972, mwezi mmoja tu baada ya kushika madaraka, aliwakusanya wanasayansi katika mji wa Multan na kuwataka watengeneze bomu. Mwaka huohuo alipunguza kiwango cha ardhi ya umwagiliaji ambacho mtu mmoja angeweza kumiliki, kutoka ekari 500 hadi 150. Mabwana wengi wa ardhi wakakwepa kwa kuyaandika mashamba majina ya jamaa zao, na mkulima akabaki palepale.

Tarehe 18 Mei 1974 India ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia. Hofu ya Wapakistani ikazidi, na haikuwa hofu ya bure. Mwaka 1976 ilianzishwa maabara ya kurutubisha urani huko Kahuta. Kazi ya bomu ikaenda mbio kuliko kazi ya mkate.

Kifo chake

Uchaguzi wa Machi 1977 ulizusha malalamiko ya wizi wa kura na maandamano makubwa. Tarehe 5 Julai 1977 Jenerali Zia-ul-Haq alimpindua. Bhutto alishtakiwa kwa njama za kumuua mpinzani wake wa kisiasa, katika shambulio lililomuua baba wa mpinzani huyo. Alinyongwa tarehe 4 Aprili 1979 mjini Rawalpindi. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Pakistan ilitoa maoni kuwa hakutendewa haki katika kesi hiyo.

Bomu lake hakuliona. Pakistan ilifanya majaribio tarehe 28 Mei 1998 katika milima ya Chagai, wiki chache baada ya majaribio mengine ya India. Watu waligawiana halua barabarani. Lakini vikwazo vya uchumi vilifuata, na serikali ikazuia akaunti za fedha za kigeni za wananchi wake wenyewe. Miaka 25 baadaye, katika Ramadhani ya mwaka 2023, bei ya unga ilikuwa imepanda mno, na watu kadhaa wakafa katika msongamano wakigombea unga wa bure na sadaka.

Mafunzo

Ndugu wanafunzi, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Nchi iliyopoteza nusu ya watu wake ina haki ya kutafuta usalama, na wapo Wapakistani wengi wanaoamini kuwa bomu limewakinga na vita vikubwa. Lakini uongozi ni amana. Kiongozi anayewataka watu wavumilie njaa, naye awe wa kwanza kuivumilia. Bhutto alitoa ahadi mbili. Ile ya bomu ilitimia. Ile ya mkate bado maskini wa Sindh wanaidai.

Jadilianeni nyumbani na wazazi wenu: kama ungekuwa wewe, ungeanza na ipi? Wallahu a'lam.