Maisha ya Dakta Hjalmar Schacht, Mtunza Hazina wa Wajerumani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki ni kueleza habari za maulamaa na wazee waliotutangulia katika kheri. Safari hii nimemchagua mtu asiyekuwa wa dini yetu wala wa bara letu, kwa sababu maisha yake yana mazingatio makubwa kwa kila aliyekabidhiwa mfuko wa wenzake.

Qurani Tukufu yatusimulia kwamba Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, alijieleza kwa sifa mbili: kuwa yeye ni mlinzi, na kuwa ni mjuzi. Basi hiyo ndiyo mizani tutakayompimia Dakta Schacht.

Kuzaliwa kwake na kazi zake za mwanzo

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1877 katika mji mdogo wa Tingleff, ambao zamani hizo ulikuwa wa Wajerumani na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukarejea Denmark. Baba yake aliwahi kuishi Marekani, akavutiwa mno na mwandishi wa magazeti wa New York aitwaye Horace Greeley. Ndiyo maana mwanawe akapewa majina ya Horace Greeley Hjalmar. Kijana alisoma katika vyuo vikuu vya miji kadhaa, akapata shahada ya udaktari huko Kiel mwaka 1899. Mwaka 1903 aliingia Dresdner Bank, na kufika mwaka 1908 alikuwa amekwisha kuwa naibu mkurugenzi.

Vita ya 1914 ilipozuka alipelekwa Ubelgiji, nchi iliyokuwa imetekwa, kusaidia usimamizi wa mabenki. Mwaka 1915 aliondolewa katika kazi hiyo, kwa kuwa fedha nyingi za Wabelgiji zilipitishwa katika benki ile ile aliyotoka yeye. Hilo lilikuwa doa la kwanza katika jina lake, na maadui zake hawakulisahau.

Fedha iliyokufa na kufufuka

Kabla ya vita hiyo, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki 4.2 za Kijerumani. Serikali iliigharimia vita kwa kukopa, na iliposhindwa ikabebeshwa fidia nzito; ikawa kila ikipungukiwa huchapisha noti. Mwezi wa Novemba 1923 dola ile ile moja ilikuwa sawa na marki 4,200,000,000,000. Watu walichukua mishahara yao kwa vikapu, wakakimbilia dukani kabla bei haijapanda tena. Mjane aliyeweka akiba ya umri wake wote benki aliikuta haimnunulii hata mkate.

Tarehe 12 Novemba 1923 Schacht alifanywa kamishna wa fedha wa nchi nzima. Ofisi yake ilikuwa chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea vyombo vya wafagizi. Alikuwa na simu na karani mmoja mwanamke, na mshahara wake mwenyewe aliukataa.

Fedha mpya iliitwa Rentenmark, nayo moja ilichukua mahali pa marki milioni milioni za zamani. Fikra yake haikuwa ya Schacht. Ilitokana zaidi na Karl Helfferich, ambaye zamani alitumika katika idara ya makoloni ya Ujerumani, siku zile rupia ya Afrika ya Mashariki ilipogawanywa kwa heller 100, mwaka 1904. Sisi wa Rwanda na Burundi tulikuwa ndani ya koloni hilo la Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, na hata leo twaita fedha hela, pasipo kukumbuka neno hilo limetoka wapi.

Ilisemwa kwamba fedha hiyo mpya imewekewa rehani ardhi na viwanda vya nchi nzima. Lakini kwa hakika hakuna aliyeweza kwenda na noti yake akapewa kiwanja. Fedha ilisimama kwa sababu ilikuwa chache, na ilikuwa chache kwa sababu alikuwako mtu wa kukataa. Schacht alikataa kuzipokea karatasi zilizokuwa zikitolewa na miji na makampuni badala ya fedha. Alikwenda Cologne kuwakabili wafanyabiashara waliojaa hasira, wala hakurudi nyuma. Mwezi wa Aprili 1924 alisimamisha mikopo mipya. Waliozoea kukopa ili walanguzie wakafilisika, lakini bei zikatulia.

Tarehe 22 Desemba 1923 alikuwa amekwisha kufanywa mkuu wa Reichsbank, yaani Benki Kuu, cheo ambacho kwetu huitwa gavana. Mara akasafiri kwenda London, akapatana na Montagu Norman, gavana wa Benki ya Uingereza, nao wakawa marafiki kwa miaka mingi. Kama angalikufa wakati huo, hapana shaka angalikumbukwa kwa wema mtupu.

Kumfuata Hitler

Mwaka 1929 alikwenda Paris kujadili fidia za vita, akautia sahihi mpango uliotolewa. Kisha akaugeukia na kuulaani, na mwezi wa Machi 1930 akajiuzulu. Wengine walimwona shujaa, wengine wakasema mtu huyu hufuata upepo. Tuliweke akilini jambo hili: Schacht alijua namna ya kuacha cheo pale alipotaka.

Januari 1931 alikutana na Adolf Hitler kwa chakula cha usiku, akaona kwamba huyu ndiye mtu wa kesho. Novemba 1932 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kumwomba Rais Hindenburg ampe Hitler madaraka. Tarehe 20 Februari 1933, Hitler akiwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu, wenye viwanda walikusanywa Berlin, na Schacht ndiye aliyewaongoza katika kuchanga. Zikaahidiwa marki milioni 3 kwa ajili ya uchaguzi. Machi 1933 akarudishwa kwenye kiti chake cha Reichsbank, na Agosti 1934 akaongezewa Wizara ya Uchumi.

Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 6 wasio na kazi, na ilikatazwa kwa mkataba kujiundia silaha nyingi. Schacht alitengeneza hila ambayo wajuzi wa fedha wanaisoma mpaka leo. Kampuni ndogo iitwayo Mefo iliundwa, rasilimali yake marki milioni 1 tu. Kiwanda kilichoiuzia serikali mizinga hakikulipwa fedha taslimu; kilipata hati ya ahadi juu ya kampuni hiyo, serikali ikidhamini, na benki yoyote iliyoishika iliweza kuipeleka Reichsbank ikapewa fedha. Hati ilikuwa ya muda mfupi, lakini iliweza kuongezewa muda hata miaka mitano, na riba yake ilikuwa 4 kwa mia. Kufika mwaka 1938 hati hizo zilikuwa za marki milioni 12,000. Katika hesabu za serikali zilizotangazwa ulimwenguni hazikuonekana. Watu walipata kazi, na ulimwengu haukujua kwamba wengi wao walikuwa wakiandaa vita.

Katika miaka hiyo pia alidai mbele ya mataifa kwamba Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Maana yake Tanganyika, na Rwanda na Urundi, ziondoke mkono mmoja ziingie mkono mwingine, na wenyewe wasiulizwe.

Kuhusu Mayahudi, alilaumu hadharani kuvunjwa kwa maduka na vurugu za mitaani, kwa kuwa ziliharibu biashara. Lakini hakuzipinga sheria za kuwanyima haki, na alikuwa waziri zilipotungwa mwaka 1935. Dhuluma iliyoandikwa vizuri ilimsumbua kidogo kuliko dhuluma yenye kelele.

Kuondolewa, kifungo na hukumu

Matumizi ya silaha yalipozidi, Schacht aliogopa kuona tena mambo ya 1923. Aligombana na Göring, akaacha Wizara ya Uchumi mwezi wa Novemba 1937. Januari 1939 yeye na wakurugenzi wenzake wa Reichsbank walimpelekea Hitler waraka wa kumwonya juu ya matumizi yasiyo na mpaka. Tarehe 20 ya mwezi huo huo akafukuzwa, na mwezi wa Juni sheria mpya ikaiweka Benki Kuu chini ya amri ya Hitler mwenyewe. Hati zile zilipofika muda wake, hazikulipwa kama ilivyoahidiwa. Miezi michache baadaye vita ikaanza. Hata hivyo Schacht alibaki na jina la uwaziri usio na wizara mpaka Januari 1943.

Julai 1944, baada ya jaribio la kumwua Hitler, alikamatwa akapitishwa katika makambi ya Ravensbrück, Flossenbürg na Dachau. Wamarekani walimkomboa, nao wakamweka kizuizini. Huko Nuremberg alishitakiwa pamoja na wakuu wa utawala ule, na tarehe 1 Oktoba 1946 akaachiliwa. Mahakama iliona kuunda silaha peke yake si kosa, mpaka ithibitike kwamba mtu alijua ni kwa vita vya uchokozi. Hakimu wa Kirusi hakukubali. Mahakama ya Wajerumani wenyewe ilimhukumu miaka minane mwaka 1947, lakini rufani ikamtoa mwaka 1948.

Baada ya hapo alianza upya akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1951 serikali ya Indonesia ilimwita aishauri juu ya uchumi, na baadaye alifika Misri na Iran. Mwaka 1953 alifungua benki yake Düsseldorf. Alifariki Munich tarehe 3 Juni 1970, umri wake miaka 93.

Mazingatio

Ndugu zangu, tumrudie Nabii Yusuf. Naye alimtumikia mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa hiyo kumtumikia mtawala si aibu kwa nafsi yake. Lakini Yusuf alijua nafaka aliyoiweka ghalani itaingia katika matumbo ya wenye njaa. Schacht alihesabu kila kilichoingia na kila kilichotoka, na mlango ambao mali iliutokea akaacha usimamiwe na wengine. Ujuzi alikuwa nao, pengine kuliko wote wa zama zake. Ulinzi ndio uliokosekana, kwani kulinda hazina ni pamoja na kuuliza itamfanya nini binadamu wa upande wa pili.

Tazameni pia alichokipinga alipopinga. Waraka wa 1939 ulilalamikia noti na matumizi. Haukuwataja waliofungwa wala waliofukuzwa makwao. Mtu aliyeweza kujiuzulu mwaka 1930 kwa ajili ya fidia za vita hakuona sababu ya kujiuzulu mwaka 1933, wala 1935.

Jumuiya zetu leo zina mifuko ya misikiti, ya madrasa, ya mayatima na ya maziko. Twawashukuru vijana wetu waliosoma hesabu, nasi twawahitaji. Lakini tunapomchagua mweka hazina tusimwulize elimu yake tu. Tumwulize atafanya nini siku mkubwa atakapomwambia aandike njia moja na fedha zipite njia nyingine. Na yeye, siku hiyo ikimfika, aseme mapema, kabla hati hazijawa nyingi kiasi cha kutolipika.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wajuzi na walinzi. Wabillahi tawfiq.